Wakenya, Gharama ya Matibabu na SHA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu Oktoba 1, 2024, Wakenya wamekuwa chini ya mfumo mpya wa bima ya afya unaosimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, ambayo karibu kila mtu huiita SHA. Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa zaidi kuhusu mfumo huo na kuhusu namna wananchi wanavyouona: wanachokikubali, wanachokikataa, na kwa nini wengi waliojisajili hawajaanza kutoa mchango. Majibu hayana urefu sawa kwa sababu maswali yenyewe hayana uzito sawa.

Kwa nini suala la gharama ya matibabu huzua hisia kali kiasi hiki nchini Kenya?

Kwa sababu ni nadra kumpata Mkenya mzima ambaye hajawahi kuombwa mchango wa bili ya hospitali. Mtu anapolazwa, kundi la WhatsApp huundwa kabla hata vipimo havijarudi. Mweka hazina huteuliwa, nambari ya M-Pesa hutangazwa, na orodha ya waliotoa huanza kurefuka, jina kwa jina na shilingi kwa shilingi. Utafiti wa kitaifa wa hali ya watu na afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba takriban mtu mmoja tu kati ya wanne alikuwa na bima ya afya ya aina yoyote. Waliobaki walitegemea mfuko wao, ng'ombe wa boma, kipande cha shamba, mkopo wa chama, au huruma ya jamaa na majirani.

Kuna jambo jingine linalouma zaidi ya bili yenyewe, nalo ni mazoea ya baadhi ya hospitali kumzuilia mgonjwa aliyepona, au mwili wa marehemu, hadi deni lilipwe. Mwaka 2015 Mahakama Kuu iliamua kwamba kuzuiliwa kwa akina mama waliojifungua katika hospitali ya Pumwani jijini Nairobi kwa kushindwa kulipa kulikiuka haki zao, lakini malalamiko ya aina hiyo hayajakoma katika hospitali nyingine. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura. Ni kati ya ahadi hiyo na dirisha la malipo ndipo hasira ya wananchi inapozaliwa.

SHA ni nini, na inatofautianaje na NHIF?

NHIF ilikuwa hazina ya kitaifa ya bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966, na kwa muda mrefu ilijulikana kama bima ya wafanyakazi wa mshahara, ingawa wengine waliruhusiwa kujiunga kwa hiari. Oktoba 19, 2023, Rais William Ruto alitia sahihi sheria nne za afya, mojawapo ikiwa Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii iliyoivunja NHIF na kuunda SHA.

Mamlaka hiyo inasimamia mifuko mitatu, na kuichanganya mifuko hii ndicho chanzo cha kutoelewana kwingi. Wa kwanza ni Mfuko wa Afya ya Msingi, unaogharimiwa na kodi, ambao hulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya. Wa pili ni Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii, maarufu kama SHIF, ambayo hupokea michango ya wananchi na kulipia hospitali kubwa zaidi. Wa tatu ni mfuko wa dharura na magonjwa sugu, unaogharimiwa na serikali, ambao unapaswa kuchukua mzigo pale fungu la mgonjwa katika SHIF linapokwisha.

Tofauti kubwa kuliko zote ni kwamba kujiunga sasa ni wajibu wa kila mkazi wa Kenya, awe na mshahara au asiwe nao.

Mwajiriwa anakatwa kiasi gani, na je, ni kweli kwamba kila mtu sasa analipa zaidi?

Mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kabla ya makato mengine, na kiwango cha chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi. Hakuna kikomo cha juu.

Si kweli kwamba kila mtu analipa zaidi, na hapa ndipo mjadala wa mitandaoni unapopotoka mara nyingi. Chini ya NHIF, mwenye mshahara wa shilingi 20,000 alikatwa 750. Sasa anakatwa 550. Wa 30,000 alikatwa 900, sasa ni 825. Wa 40,000 alikatwa 1,000 na sasa anakatwa 1,100, kwa hivyo mahali fulani kati ya viwango hivyo viwili ndipo mizani inapogeuka. Kuanzia hapo mzigo unapanda kwa kasi: wa 100,000 alilipa 1,700 na sasa analipa 2,750, na wa 500,000, ambaye naye alilipa 1,700 ile ile, sasa anatoa 13,750.

Kwa kanuni ya bima ya jamii, hilo ni jambo la haki, maana mfumo wa zamani ulimtoza kibarua sehemu kubwa zaidi ya kipato chake kuliko ulivyomtoza meneja. Hata hivyo, sauti inayosikika zaidi hadharani ni ya mwajiriwa wa mjini mwenye mshahara wa wastani, na huyo ndiye aliyeongezewa. Tena makato ya SHIF hayakuja peke yake. Yalifika wakati michango ya malipo ya uzeeni ya NSSF ilikuwa ikipanda kwa awamu, na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 ulikuwa umeanza kukatwa. Mtu anapotazama hati yake ya mshahara haoni kipengele kimoja. Anaona rundo zima, na hasira yake hutua kwa kile kilichoongezwa mwisho.

Kuna malalamiko moja ya waajiriwa ambayo yana msingi lakini hayazungumzwi vya kutosha. Katika ushuru wa nyumba na katika NSSF, mwajiri hutoa kiasi sawa na cha mfanyakazi. Katika SHIF, kama ilivyokuwa katika NHIF, mwajiri hatoi kitu. Upande wa pili wa mpaka, nchini Tanzania, mchango wa mtumishi wa umma wa asilimia 6 hugawanywa nusu kwa nusu kati yake na mwajiri. Nafuu iliyopatikana Kenya ni ya kikodi: tangu Desemba 27, 2024, mchango wa SHIF hutolewa kwenye mapato kabla ya kodi kukokotolewa.

Asiye na mshahara analipa vipi?

Zaidi ya watu wanane kati ya kumi wenye kazi nchini Kenya wamo katika sekta isiyo rasmi, yaani jua kali, biashara ndogo, bodaboda na vibarua. Hao hawana hati ya mshahara ya kukatwa asilimia, kwa hivyo mfumo unawauliza maswali kuhusu maisha yao: nyumba imejengwa kwa nini, maji yanatoka wapi, choo ni cha aina gani, chakula kinapikwa kwa nini, wategemezi ni wangapi. Majibu hayo huingizwa kwenye fomula, nayo fomula hukadiria kipato cha familia na kutaja mchango. Usajili wenyewe hufanywa kwa simu kupitia *147#, kwa mtandao, au kwa msaada wa mhudumu wa afya ya jamii.

Mchango wa chini ni shilingi 3,600 kwa mwaka. Hicho ni kiasi kidogo kuliko shilingi 6,000 ambazo mchangiaji wa hiari alilipa NHIF kwa mwaka, lakini kuna mtego. NHIF ilikubali shilingi 500 kila mwezi. SHA inataka mwaka mzima ulipwe kwa mkupuo kabla ya huduma za hospitali kufunguliwa. Mama mboga anayehesabu faida yake kila jioni hana mahali pa kuzitoa shilingi 3,600 kwa siku moja, seuze akiwa amekadiriwa 8,000 au zaidi. Mwaka 2025 serikali ilianzisha mpango wa mkopo uitwao Lipa SHA Pole Pole ili mwananchi alipe kidogo kidogo huku akipata huduma. Jina ni zuri. Lakini kumkopesha mtu ili aweze kulipia bima ni kukiri kwamba masharti ya malipo hayakupangwa kwa kufuata namna pesa zinavyoingia katika nyumba za Wakenya wengi.

Ukadiriaji wenyewe umezua manung'uniko ya aina mbili. Wapo wanaosema wamekadiriwa juu kwa sababu ya nyumba ya mabati mapya waliyojengewa na mtoto aliye mbali, ilhali wao hawana kipato. Na wapo wanaokataa kujibu kwa uaminifu, wakihofia kwamba taarifa hizo zitaishia kwa watoza kodi.

Nimejisajili tayari. Je, nina bima?

Una haki ya huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba na SHA. Huna bima ya hospitali hadi mchango wako ulipwe. Serikali ilitangaza mwaka 2025 kwamba waliojisajili wamezidi milioni 20, na takwimu hiyo ikachukuliwa na wengi kuwa ni idadi ya waliolindwa dhidi ya gharama. Waliokuwa wakilipa walikuwa sehemu ndogo tu ya hao.

Ikiwa Wakenya wamezoea kuchangiana, kwa nini hawauchangii mfumo huu?

Hili ndilo swali kubwa zaidi katika ukurasa huu. Jibu ambalo viongozi hupenda kulitoa, kwamba wananchi hawajaelimishwa vya kutosha, halitoshi. Taifa ambalo neno *Harambee* limo katika nembo yake halihitaji kufundishwa maana ya wengi kumbeba mmoja. Mtu yule yule ambaye hajalipa SHA huenda mwezi huo huo ametoa shilingi 500 kwa mgonjwa wa kanisani, 200 kwa mzazi wa mwenzake wa kazini, na 1,000 kwa shangazi. Ukijumlisha michango yake ya mwaka mzima, inawezekana kabisa ikazidi kile ambacho SHA inamdai.

Tofauti iko katika kile anachokiona. Katika mchango wa kundi, anamjua mgonjwa, anaiona bili ikipigwa picha na kutumwa, anaona jumla ikikaribia lengo, na mweka hazina akichelewa kutoa hesabu anaulizwa mbele ya watu wote. Katika SHA, pesa huingia mahali asipopaona. Siku anapoumwa anaweza kuambiwa kwamba mtambo wa kompyuta umekwama, kwamba hospitali hii haitibu wenye SHA wiki hii kwa sababu haijalipwa, au kwamba dawa aliyoandikiwa anunue duka la nje. Ni sawa na kuuziwa mbuzi kwenye gunia: huenda mbuzi yumo, tena mnene, lakini mnunuzi amekwisha kuumwa mara kadhaa na kilichokuwa ndani.

Kwa maoni ya ukurasa huu, basi, kinachokataliwa na wananchi si wazo la kuchangia. Wanakataa kulipa mapema kwa taasisi ambayo hawana njia ya kuihoji. Tofauti hii ni muhimu, kwa sababu anayepinga wazo lenyewe hata huduma ikiboreka hatabadilika, lakini anayepinga kwa kukosa imani hubadilika mara jirani yake anapotoka hospitalini bila deni.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini imani hiyo ni ya lazima. SHA ilipoanza, ilipanga kulipia usafishaji wa figo kwa shilingi 10,650 kwa kila kikao. Mgonjwa anayehitaji vikao viwili kwa wiki hugharimu zaidi ya shilingi 1,100,000 kwa mwaka. Ili kumgharimia huyo mmoja, zinahitajika familia zaidi ya 300 zinazolipa kiwango cha chini, na katika familia hizo zote asiwepo mwingine hata mmoja anayelazwa. Wenye afya wakikaa nje na kungoja hadi waugue ndipo walipe, mfuko unabaki na wagonjwa watupu, na hakuna fomula inayoweza kuuokoa.

Mahakama zilisema nini kuhusu maoni ya wananchi?

Mahakama ndiyo iliyokuwa mahali pa pekee ambapo swali la maoni ya wananchi liliulizwa kisheria. Katiba inalitaka Bunge kuwashirikisha wananchi katika utungaji wa sheria, na waliofika mahakamani walidai kwamba sheria hizi zilipita haraka mno, bila watu kupewa nafasi ya kuzielewa. Novemba 2023 Mahakama Kuu ilisimamisha utekelezaji kwa muda. Januari 2024 Mahakama ya Rufaa ikaondoa sehemu ya zuio hilo. Julai 12, 2024, jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu likaamua kwamba sheria tatu kati ya zile nne zilikiuka Katiba, mojawapo ya sababu ikiwa ukosefu wa ushirikishaji wa kutosha wa umma, na likalipa Bunge siku 120 za kurekebisha. Kabla muda huo kwisha, Septemba 20, 2024, Mahakama ya Rufaa ilisitisha uamuzi huo, na siku kumi na moja baadaye SHA ikaanza kazi.

Kwa wanasheria huo ni mkondo wa kawaida wa kesi. Kwa mwananchi wa kawaida, picha iliyobaki ni ya mfumo ulioambiwa na majaji kwamba haukumsikiliza, kisha ukaendelea. Tena ilikuwa miezi mitatu tu tangu maandamano ya Juni 2024 dhidi ya Mswada wa Fedha, yaliyomlazimu Rais kukataa kuutia sahihi. Ingekuwa vigumu kuchagua wakati mbaya zaidi wa kumwomba kijana wa Kenya aiamini serikali na makato mapya.

Je, hii ni mara ya kwanza kwa Kenya kujaribu kuwapa watu wote huduma ya afya ya bei nafuu?

Hapana, na historia hii inaeleza kwa nini wazee husikiliza ahadi za afya huku wakitabasamu upande. Mwaka 1965, serikali changa ya uhuru ilifuta ada zilizotozwa katika hospitali za umma. Mwaka 1989, chini ya masharti ya mageuzi ya kiuchumi, ada zikarudi kwa jina la kugawana gharama, na watu wengi wenye umri wa miaka hamsini na zaidi bado wanakumbuka jinsi zahanati zilivyobaki tupu. Mwaka 2004 ada za zahanati na vituo vya afya zikapunguzwa hadi shilingi 10 na 20. Mwaka huo huo Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya kwa wote uliosukumwa na Waziri Charity Ngilu, lakini Rais Mwai Kibaki hakuutia sahihi, kukiwa na hofu kuhusu gharama na upinzani kutoka kwa waajiri na kampuni za bima. Wazo ambalo leo linaonekana jipya lilikwisha kufika mezani kwa Rais miaka karibu ishirini kabla ya SHA.

Juni 2013 serikali ya Uhuru Kenyatta ilitangaza kwamba kujifungua katika hospitali za umma kungekuwa bila malipo, mpango ambao baadaye ulihamishiwa NHIF kwa jina la Linda Mama. Kisha, Desemba 2018, majaribio ya afya kwa wote yakazinduliwa katika kaunti nne. Kaunti hizo zilichaguliwa kwa aina ya mzigo wa magonjwa: Kisumu kwa magonjwa ya kuambukiza, Nyeri kwa magonjwa yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu, Machakos kwa majeruhi wa ajali za barabarani, na Isiolo kwa changamoto za uzazi na za jamii za wafugaji wanaohamahama. Ada zilifutwa, kadi zikatolewa, na foleni zikarefuka mno, jambo ambalo kwa yakini lilithibitisha kwamba watu walikuwa wakikaa nyumbani na maradhi yao kwa kukosa pesa. Baada ya takriban mwaka mmoja majaribio yakaisha, na wenye kadi wakabaki nazo.

Mfano unaostahili kutajwa kwa upande mwingine ni wa kaunti ya Makueni, ambako tangu mwaka 2016, chini ya Gavana Kivutha Kibwana, familia ililipa shilingi 500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti bila kulipa zaidi. Watu walijisajili. Mfuko ulikuwa karibu nao, hospitali waliijua, na gavana aliyeahidi alikuwa anapatikana.

Kwa nini akina mama wajawazito wanatajwa sana katika malalamiko?

Kwa sababu wao walikuwa na kitu mkononi kikaondolewa. Chini ya Linda Mama, mjamzito hakuhitaji kuwa mchangiaji wa bima. SHA inalipia shilingi 10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na 30,000 kwa upasuaji katika hospitali, lakini kwa masharti kwamba familia iwe imelipa mchango wa mwaka. Msichana wa miaka 19 asiye na kazi wala mume anayemhudumia, ambaye awali angeenda hospitali na kitambulisho tu, sasa anahitaji kwanza kupata maelfu ya shilingi. Ukimuuliza mama yake maoni kuhusu mageuzi haya, hatakueleza habari za mifuko mitatu.

Na wagonjwa wa saratani?

Mfumo ulipoanza, familia ilitengewa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka SHIF na 150,000 zaidi kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu, jumla 550,000. Kwa aliyegunduliwa mapema, fungu hilo liliweza kubeba sehemu kubwa ya safari. Kwa aliyehitaji upasuaji, mionzi na dawa za kemikali kwa pamoja, liliisha kabla ya mwaka, na harambee ikaanza upya. Wagonjwa hawa ni miongoni mwa wanaolipa bila kukosa, na ni miongoni mwa wakosoaji wakali zaidi. Hawapingi bima, wanataka iwe kubwa zaidi.

Wenye hospitali wanasemaje?

Wanasema hawalipwi kwa wakati. NHIF ilivunjwa ikiwa na deni la takriban shilingi bilioni 30 kwa hospitali, na swali la nani atalilipa likagubika mwaka wa kwanza wa SHA. Februari 2025 hospitali nyingi za kibinafsi zilisimamisha huduma kwa wenye SHA na kudai pesa taslimu. Mwezi uliofuata Rais alitangaza kwamba hospitali zinazodai shilingi milioni 10 au chini yake zingelipwa kikamilifu, na madai makubwa zaidi yangehakikiwa kwanza.

Serikali nayo ina hoja yake, kwamba baadhi ya madai ni ya uongo: wagonjwa hewa, waliotibiwa na kurudi nyumbani kuandikwa kuwa walilazwa, na kujifungua kwa kawaida kuandikwa kuwa upasuaji. Mwaka 2025 Wizara ya Afya chini ya Waziri Aden Duale ilisimamisha vituo kadhaa kwa tuhuma hizo. Pande zote mbili huenda zina ukweli, na mgonjwa aliyesimama katikati ndiye anayeombwa amana ya kulazwa.

Je, suala la ufisadi lina msingi, au ni uvumi wa mitandaoni?

Uvumi upo, lakini hauelei hewani. Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, ilionyesha kwamba mtambo wa teknolojia unaoendesha SHA, wenye thamani ya shilingi bilioni 104.8, haumilikiwi na serikali, na ikahoji namna zabuni yake ilivyotolewa. Wizara ilijitetea kwamba ni mkataba wa kulipia huduma kadiri inavyotumika. Utetezi huo huenda ukawa sahihi kihasibu. Lakini ukimwambia mkulima wa Bungoma kwamba mtambo ambao hukwama siku anapompeleka mtoto hospitali una thamani ya zaidi ya bilioni 100, umekwisha kumpa sababu ya kutolipa.

Kura za maoni kuhusu SHA zinapaswa kusomwaje?

Kwa kuangalia swali kabla ya kuangalia jibu. "Je, umejisajili?" hupata ndiyo nyingi, kwa sababu usajili ni bure na wakati mwingine huombwa kabla ya huduma. "Je, umeridhika na SHA?" humwomba maoni hata mtu ambaye hajawahi kuitumia, na huyo hujibu kulingana na habari aliyoisikia au chama anachokiunga mkono. "Mara ya mwisho ulipokwenda hospitali, ulilipa pesa ngapi mwenyewe?" ndilo swali lenye manufaa zaidi, nalo huulizwa mara chache. Ni vyema pia kuangalia kama waliohojiwa walipigiwa simu au walitembelewa nyumbani, maana asiye na simu ndiye maskini ambaye mageuzi haya yalidaiwa kuwa yake.

Majirani wamefanyaje?

Rwanda hutajwa katika karibu kila mjadala wa bima ya afya nchini Kenya, kwa kuwa bima yake ya jamii imewafikia zaidi ya asilimia 80 ya wananchi. Wanaoitaja husahau kwamba bima hiyo ilijengwa kwa zaidi ya miaka ishirini, ikianzia vijijini, na kwamba maskini kabisa hulipiwa. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, baada ya mswada wa awali kucheleweshwa na maswali ya wabunge kuhusu pesa zitakakotoka. Huko nako mtihani ni ule ule wa mkulima na mmachinga: nani atamlipia asiyeweza, na anayeweza atalipaje kidogo kidogo.

Mwananchi ana njia gani ya kutoa maoni yake mbali na kutolipa?

Zipo kadhaa, ingawa hazitumiki sana. Kifungu cha 119 cha Katiba kinamruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi Bungeni ili sheria itungwe, irekebishwe au ifutwe. Masharti ya kulipa mwaka mzima kwa mkupuo yanaweza kuwa ombi la namna hiyo. Kifungu cha 35 kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, na hilo linajumuisha kujua hospitali ya kaunti yake imelipwa kiasi gani na SHA na kwa muda gani. Kwa kuwa hospitali nyingi za umma ziko chini ya kaunti, vikao vya bajeti ya kaunti ndiko mahali pa kuuliza kwa nini duka la dawa la hospitali ni tupu. Atakayehudhuria abebe risiti ya dawa aliyoinunua nje, yenye tarehe, ili swali lake lijibiwe kwa hesabu.